Ua Lisiloshika Nguo

Kazini wananiita Mama Pengine. Si kwa kunisifu. Mtu akiniletea mmea, hata ule ambao mtoto wa darasa la tatu anaujua, mimi huutazama juu, huutazama chini, hukata shina, hunusa, halafu husema, "Pengine." Vijana wa kitalu wanacheka. Mmoja aliwahi kuniletea jani la muhogo, sombe hii tunayokula kila siku, akaniuliza kwa uso mkavu, "Mama, hii ni nini?" Nikamjibu kwamba pengine ni ujinga wake. Alicheka, nami nikacheka. Lakini nikirudi nyumbani nilijua ana haki. Mwanamke wa umri wangu, aliyetoka fakalte ya kilimo ya chuo kikuu na karatasi yake mkononi, anaogopa kutaja jina la ua.

Kazi yenyewe ni hii. Kolwezi imezungukwa na vilima ambavyo miti imevikataa. Udongo wake una shaba nyingi mno, kwa hiyo huko juu kumebaki nyasi na maua madogo yaliyojifunza kuishi na sumu hiyo, na baadhi yake hayapatikani kwingine duniani. Mashine zikija, kilima kinaondoka na vyote vilivyokuwa juu yake. Sisi tunatangulia. Tunapanda na mifuko, tunang'oa tunachoweza kuhamisha, tunakusanya mbegu, na kwa kila aina tunakausha mfano mmoja kati ya magazeti. Baadaye tunaushona kwenye karatasi ngumu, na chini, upande wa kulia, tunabandika kipande cha maelezo.

Kwenye kipande hicho kuna mistari miwili inayonikosesha raha. Wa kwanza umeandikwa "Aliyechuma". Wa pili, "Aliyetambua". Mkubwa wetu, mzee aliyefundisha elimu ya mimea Lubumbashi maisha yake yote, alitueleza tofauti siku ya kwanza. "Kuchuma, hata mbuzi anachumaka," alisema. "Lakini ukitia jina yako ku mustari ya pili, umesema mbele ya batu: mi niliangalia, nilijua, na kama kuko kosa, kosa ni yangu." Mimi nimechuma mpaka magazeti yamekwisha. Mstari wa pili namwachia yeye.

Sasa nieleze ua lenyewe, maana usipolijua hutaelewa kosa. Ni la njano, la ukoo mmoja na alizeti, ila dogo, linaenea katika kiganja cha mtoto. Sawa na alizeti, unachokiona kuwa ua moja ni mkusanyiko: katikati vijiua vingi vimebanana, vikainuka kidogo, na pembeni duara la ndimi, kila ulimi una meno matatu kwenye ncha. Vitabu vinaliita Anisopappus. Nkambo wangu, yule aliyemzaa mama, ambaye hakuwahi kufungua kitabu kingine ila cha nyimbo za kanisa, aliliita ua la mukuba. Mukuba ni shaba. Watu wake wa zamani walilifuata ua hilo walipotafuta mawe ya kijani ya kuyeyusha. Alinitembeza porini nikiwa mdogo, akanifundisha: tafuta fasi, mahali ambapo miti imegoma, halafu tafuta ua. Vyote viwili vikiwepo, chimba.

Shida ni kwamba maua ya njano ya ukoo huo ni mengi. Mwezi wa nne, mvua zikikaribia kwisha, Kolwezi yote ni njano: kando ya reli, nyuma ya vyoo, juu ya marundo ya udongo yaliyomwagwa na migodi. Kwa mbali yote ni mamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi kiuno kimeniishia kwa kuinama. Ukishainama, tazama majani. La mukuba majani yake yanapokezana, moja huku, moja kule, yakipanda shina. Kuna lile jingine, linalofanana nalo kuliko yote, ambalo majani yake yanaota mawili mawili yakitazamana. Halafu tazama mbegu. Ya mukuba ina manyoya mafupi kichwani, mengine marefu kidogo, mengine magamba tu, hayalingani, na ndiyo maana ya lile jina la vitabu. Mbegu ya lile jingine ina miiba miwili yenye ndoano. Hiyo unaijua hata kama hujui mimea, kwa sababu umewahi kuibandua kwenye suruali.

Nkambo alikuwa na maneno machache kuliko vitabu. "Ua ya mukuba haishikake nguo," alisema. Nami nilikuwa nimeyasikia maneno hayo, yakaingia sikio hili, yakatokea lile.

Kwetu ndugu aliyekutangulia kuzaliwa unamwita yaya, awe wa kike au wa kiume. Wangu alikuwa wa kiume, na alikuwa mmoja tu. Baba alikuwa amekufa, tukabaki watatu mtaani Kapata, katika nyumba ya kampani ya mgodi ambayo baba alituachia, ile ya mstari wa mwisho karibu na bomba la maji. Yaya alibakiza mwaka mmoja tu amalize masomo. Akaacha, akaenda kuchimba shaba upande wa Mutoshi pamoja na vijana wengine. Mama aliichukia kazi hiyo kwa roho yake yote. Hakupiga kelele. Kila asubuhi alimwekea daftari lake la mwisho juu ya meza, pembeni ya chai, na kila asubuhi yaya alikunywa chai akaliacha daftari.

Yeye na wenzake watatu walikuwa wamechelewa kufika. Sehemu nzuri zote zilikuwa na wenyewe. Ndipo akanikumbuka mimi na maua ya nkambo wangu. Aliniambia mbele ya wenzake, "Mudogo wangu huyu, mumuone hivi, iko na jicho." Nilikuwa na miaka kumi na sita. Hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba nina kitu. Sifa ile ilinilewesha kuliko pombe.

Tulikwenda mchana. Nyuma ya Mutoshi kulikuwa na mteremko, msitu umeuzunguka pande zote, na katikati hapakuwa na mti hata mmoja, ila nyasi na maua ya njano. Miti imegoma, ua lipo. Yaya alivunja shina moja lenye ua lililochanua na kichwa kimoja cha zamani kilichokwisha kukauka. Akaliinua mbele ya uso wangu.

"Mudogo, njo yenyewe?"

Njo yenyewe. Ndivyo tunavyosema kwetu kitu kikiwa ndicho hasa, si ndugu yake wala mfano wake. Sikulishika lile shina. Sikuhesabu majani. Nililitazama nikiwa nimesimama wima, mikono nyuma, mbele ya wavulana wanne walionitazama, nikasema, "Njo yenyewe, yaya."

Akacheka. Akanipa lile shina. "Peleka kwa mama, umuambie mutoto wake amepata." Kuuliza si ujinga, wanasema. Ujinga ulikuwa katika jibu.

Nililipeleka nyumbani, nikaliweka katika kikombe cha bati juu ya meza. Yaya alirudi jioni ameloa matope ya njiani, akabadili nguo, akala. Walianza kuchimba kesho yake. Alisema udongo ni laini, unakwenda na jembe bila kubishana. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Sasa tunajua: watu wengine walikuwa wamechimba hapo zamani, wakafukia, wakaondoka. Miti haikugoma kwa sababu ya shaba. Haikuwa imepata muda wa kurudi.

Siku ya tano, asubuhi, baada ya mvua, udongo ulirudi shimoni. Wenzake watatu walikuwa juu. Yeye alikuwa chini. Walifukua kwa mikono mpaka mkubwa wa wachimbaji akawazuia, kwa sababu ukingo wote ulikuwa unapasuka na wangeingia na wao. Mchungaji wetu alisali kwa mbali, viatu vyake vimezama katika matope. Hatukumtoa. Miaka michache baadaye mteremko ule uliwekewa uzio, mashine zikaingia, na sasa ni sehemu ya shimo kubwa. Nimesimama kwenye uzio mara nyingi kutafuta kwa macho mahali alipokuwa. Hakuna udongo tena pale. Ni hewa tupu, na magari yanapita chini yake.

Kwa hiyo hatuna kaburi. Tulichonacho ni lile ua. Baada ya matanga mama alilitoa kwenye kikombe, limekwisha kunyauka, akalitia katika kitabu chake cha nyimbo, pale penye wimbo wa kuzikia, akakifunga. Tangu hapo hakukifungua. Kila Jumapili alikwenda nacho kanisani kimebanwa kwapani, akaimba kwa kichwa. Nami nilikaa kando yake, nikaimba kando ya ua. Nilikuwa na hakika moja: kwamba mama ameliweka kwa ajili yangu. Hataki kuninenea, lakini hataki nisahau.

Sitasema kwamba naona mizimu. Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini kila ninapoinama na lenzi yangu juu ya ua la njano, nasikia mtu nyuma ya bega langu la kushoto akiuliza, "Mudogo, njo yenyewe?" Wala si sauti ya kunilaumu. Ingekuwa ya kunilaumu ningeizoea. Ni sauti ya furaha, ya mtu aliyepata kitu, na inangoja jibu. Ndipo ninaposema pengine.

Niliingia fakalte kwa sababu ya jambo hilo, ingawa niliwaambia watu napenda kilimo. Mwaka wa pili nilikuwa nimekwisha kujifunza tofauti zote za maua yale mawili. Lakini shina lile la yaya lilikuwa lipi? Nakumbuka kucha zake, tope la jana limekauka ndani yake. Nakumbuka kifungo cha shati kilichopungua. Majani siyakumbuki. Nikifumba macho yanapokezana. Nikifumba tena yanatazamana. Na ule udongo laini hausemi kitu, maana hata la mukuba huota juu ya udongo uliokwisha kuchimbwa. Ikiwa lilikuwa lenyewe, basi yaya alikufa kwa ajali ya kazi, kama walivyokufa wengi. Ikiwa halikuwa lenyewe, nilimpeleka mimi. Jibu lilikuwa katika kitabu cha nyimbo, umbali wa mkono, miaka kumi na tisa, nami sikuthubutu kukigusa. Muoga huyo ndiye wanayemlipa atambue maua.

Mwaka huu, Jumapili moja ya mwezi wa nne, mgongo wa kitabu ulikatika. Mama alikuwa anasimama kuimba, karatasi zikamwagika chini ya benchi. Mwanamke wa nyuma yetu aliinama kuziokota, na mama, ambaye siku hizi haoni vizuri kwa sababu ya mtoto wa jicho, alimshika mkono kwa nguvu akasema, "Acha, mama. Hiyo ni yetu." Nilizikusanya mwenyewe, uso nimeugeuza pembeni.

Nyumbani tulikula bukari, ugali wetu. Baada ya kunawa, mama alikiweka kitabu mezani, akakisukuma mpaka kikagusa mkono wangu.

"Weye mwenye unaandikiaka maua ya batu karatasi," alisema. "Hii yetu itabakia bila karatasi mpaka lini?"

"Tuiache, mama."

"Niiache nimuachie nani? Macho inaisha, na mi naisha. Fungua."

Nilifungua. Lilikuwa limeshikana na ukurasa, na maneno ya wimbo yamepata doa la kahawia kulizunguka. Ndimi zilikuwa zimepoteza rangi. Majani yalikuwa manne. Mawili yakitazamana, na chini yake mawili yakitazamana.

Sikuhitaji lenzi, lakini niliitoa. Mtu akiogopa hushika chombo chake cha kazi. Kwenye kile kichwa cha zamani zilibaki mbegu tatu, kila moja na miiba miwili, kila mwiba na ndoano zake. Moja ilikuwa imeng'ang'ania uzi wa kitabu, na nilipojaribu kuitoa, ilikataa.

Nyuma ya bega langu la kushoto yaya aliuliza. Kwa mara ya kwanza nilimjibu kwa sauti.

"Haiko yenyewe," nilisema. Halafu nikamgeukia mama. "Mama, ua hii haiko yenyewe. Siku ile sikuangalia. Nilisema tu. Mi njo nilimutuma yaya ku shimo." Nililia vibaya, kwa pua na mdomo, mikono yote miwili juu ya meza nisilichafue ua.

Mama alinyoosha mkono, akapapasa ukingo wa ukurasa.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Haiko yenyewe. Nilijua siku ile ile."

Nilifuta uso kwa kitenge. Nilidhani uzee unamchanganya. Lakini alikuwa anasema taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokisoma mara nyingi peke yake.

"Jioni ile alikuya, akavua suruali, nifue. Nikakaa pa mulango. Suruali yote, chini kule, ilijaa hizi mbegu. Natoa moja, natoa ingine. Mara nikasikia maneno ya mama yangu: ua ya mukuba haishikake nguo. Nikainuka, nikaangalia ile ua yako mu kikombe. Kichwa yake ya kukauka ilikuwa na mbegu zile zile."

"Na hukusema?"

"Maneno ilifika hapa." Aligusa mdomo wake. "Halafu nikajiambia, ni muzuri. Acha achimbe pa bure. Haitatoka kitu, atachoka, atarudi ku masomo. Nilifikiri fasi yenye haina mukuba haina hatari. Batu banakufaka ku fasi ya mukuba, shi ndiyo? Sikujua walikwisha kuchimba pale. Nikanyamaza, nikafua suruali." Alivuta pumzi. "Na nilifurahi. Unasikia? Nilifua ile suruali na furaha."

Redio ya jirani ilikuwa inatangaza mambo ya mpira. Nilimtazama mama, na sitaficha, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa huruma. Nilikasirika. Miaka kumi na tisa nimekaa benchi moja na mwanamke huyu.

"Miaka yote hii uliniacha nibebe peke yangu," nilisema.

"Na weye," alisema, "uliniambia siku gani kama unabeba?"

Nilikisogeza kitabu mbali na ukingo wa meza.

"Nilifikiri ile ua uliiweka juu yangu, nisisahau," nilisema baadaye.

"Juu yako? Weye ulikuwa mutoto. Niliiweka juu yangu mi mwenyewe, ili nisiimbe ile wimbo na kitabu wazi."

Mpira uliisha kwa jirani. Halafu nikatoa karatasi ngumu kwenye mkoba wangu wa kazi, na sindano, na uzi mweupe. Nililibandua ua taratibu kwa ncha ya kisu, isipokuwa ile mbegu moja iliyoshika uzi wa kitabu. Ile niliiacha. Nikalishona shina kwa mishono minne, mama akishika karatasi isiteleze. Kisha nikachukua kipande cha maelezo na penseli, maana wino huenea karatasi ikipata unyevu. Nikaandika mahali. Nikaandika mwezi wa nne, na mwaka. Kwenye aliyechuma nikaandika jina la yaya, lote, na la kanisani, kwa sababu ndiye aliyelivunja.

Mstari wa pili. Nilianza kuandika jina langu.

"Unaandika nini?" mama aliuliza. Alikuwa anasikia penseli.

"Jina ya mwenye alitambua."

"Ya nani?"

"Yangu. Mi njo nimetambua."

"Weye umetambua leo," mama alisema. "Futa. Andika yangu."

Nilimweleza alivyotufundisha mkubwa wetu, kwamba jina kwenye mstari ule si heshima tu, ni la mtu aliyekubali kuulizwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ndiyo maana.

Nilifuta. Nikaandika jina lake, herufi kwa herufi, ameinamisha uso karibu kabisa na karatasi ingawa haoni. Nilipomaliza akaniomba nimsomee. Nikamsomea: aliyechuma, mwanawe, aliyetambua, yeye.

"Soma tena," alisema, nami nikasoma tena.